Vidole Gumba Mia na Saba

Zedekia Nasani wa Bwera, Uganda, hakuwahi kuvuka mto Lhubiriha kwa kukanyaga maji, na kwa ajili hiyo alichekwa sana sokoni. Ng'ambo ni Kongo, lakini wakati wa kiangazi maji yenyewe hayafiki kiunoni, na kila mtu ana shangazi au mkwe upande ule. Wengine walikatiza mtoni na ndizi zao kichwani kama wanaovuka ua. Zedekia, aliyekuwa akiwaandikia watu barua kwenye baraza la duka, alipita darajani tu, kofia mkononi, karatasi mkononi. Akikuta daraja limefungwa, alirudi nyumbani kununa.

Ukaidi huo aliupata mwaka wa 1965. Vita vya Kongo vilifunga njia, naye akazunguka nyumba kwa nyumba na kibuyu cha masizi yaliyokorogwa kwa mafuta ya mawese, akichukua alama za vidole gumba. Kando ya kila alama aliandika jina la mtu, jina la ndugu yake wa ng'ambo, na kijiji cha ndugu huyo. Malalamiko yasiyo na majina, alisema, ni kelele. Mbunge wao akaipeleka karatasi Kampala, akasimama Bungeni akamhoji waziri, na kabla ya miezi miwili kizuizi kiliinuliwa. Tangu hapo Zedekia akawa na hotuba moja, ambayo hakuacha kuitoa hata matangani: serikali ndiyo inayozungumza na nchi za nje, lakini Bunge ndilo linaloiuliza imezungumza nini, na kwa faida ya nani.

Halafu wanajeshi wakashika nchi. Bunge likavunjwa, na mambo ya nchi za nje yakawa yanatoka redioni kwa amri ya mtu mmoja. Zedekia alisikia kama wenzake, ila jambo hilo halikumwingia akilini.

Mwaka wa tatu wa utawala huo redio ilitangaza kwamba mpaka umefungwa. Siku mbili kabla, mkewe Kaswera, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa amekwenda Kasindi, ng'ambo ya mto, kumzika baba yake. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Zedekia hakutulia. Mara tatu kwa siku alikwenda darajani, akatazama mtutu wa bunduki ya askari, akarudi. Alichonga penseli mpaka zikaisha. Kila Ijumaa Benoît, kaka yake Kaswera, alivuka mtoni na habari.

“Shemeji, dada anauliza, unangojaka ruhusa ya nani?”

“Mwambie asiingie katika maji na tumbo ile. Akipita bila karatasi, kesho watamwita mugeni ndani ya nyumba yake. Nitamurudisha kwa daraja.”

“Mutoto hatangojea daraja,” alisema Benoît.

Zedekia akashusha kibuyu darini. Siku tano alizunguka, na watu waliomcheka sokoni walitoa vidole vyao, maana walikumbuka mwaka ule. Alipata mia na saba, cha kwanza kikiwa chake. Akapanda lori hadi Kasese.

Ofisi ya mbunge ilikuwa na rangi ileile mlangoni. Ndani, Semakula, karani aliyempigia chapa mbunge barua zake zote, alikuwa bado kwenye mashine yake. Ila kwenye meza kubwa alikaa ofisa wa jeshi aliyeitwa Drani.

“Taka nini, wewe?”

“Nimeleta maombi kwa Bunge, afande.”

Semakula aliacha kupiga chapa. Drani alichukua karatasi, akapitisha kidole kwenye majina taratibu. “Hawa yote iko na ndugu Kongo?”

“Wote, afande.”

“Na kijiji umeandika?”

“Ya kila mutu.”

“Kazi mzuri,” alisema Drani, akatabasamu kweli. “Sana. Acha hapa.”

Hapo ndipo lilipomwingia kwamba Bunge halipo. Zedekia alimtazama Semakula. Semakula alikuwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Mia na saba! Amewapanga mstari kwa mstari, kwa mwandiko mzuri wa kanisani, na anwani, kwa ajili ya jeshi.

“Afande,” alisema, “haijakamilika. Wengine hawajatia kidole, na sahihi ya mwisho haipo. Bila hiyo Kampala watairudisha.”

Drani aligeukia karani. “Ni kweli, afande,” alisema Semakula. “Wataikataa.”

“Jina yako?” Zedekia akalitaja, nalo likaandikwa kitabuni. Drani akamrudishia karatasi. “Kesho asubuhi lete yote. Usipokuja, sisi takuja.”

Lori lilimshusha Bwera jua likiwa bado kali. Hakupita nyumbani. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliacha kufua walipomwona mzee wa darajani akivua viatu. Aliingia na karatasi yake. Masizi ya mafuta hayatoki kwa maji, alijua, ndiyo maana aliyachagua. Basi akaichana karatasi, kila jina mbali na kijiji chake, vipande vikachukuliwa na mto.

Kaswera alikuwa akimenya mihogo nyumbani kwa Benoît. Alitazama ile suruali iliyolowa, akashika tumbo kwa kucheka.

“Ni wewe kweli? Nani amekupa ruhusa?”

Zedekia alitaka kucheka naye, akashindwa. Akalia mbele ya shemeji yake, bila aibu.

“Nimefika mpaka Kasese,” alisema. “Hakuna tena mutu wa kuiuliza serikali. Na jina yangu iko ndani ya kitabu ya askari.”

Kaswera aliacha kucheka, akauliza watarudi nyumbani lini.