Cheti Juu ya Televisheni

Mtaani walimwita Mzee Chupa, kwa sababu ya kisanduku chake cha vichupa vya kupimia maji. Miaka ishirini na sita alikuwa akizunguka nyumba za watu kukagua visima na mashimo ya maji taka, na kwa woga hakuwa na mpinzani. Alinusa glasi kabla ya kunywa. Hata alipoalikwa harusini, alihesabu kwanza hatua kutoka choo hadi kisima. Watu walimcheka, naye aliwaacha wacheke.

Nyumbani kwake, juu ya televisheni, alikuwa ametundika cheti cha kisima chake mwenyewe, tena ndani ya fremu ya kioo: maji safi. Kilikuwa cha miaka kumi na minne iliyopita.

Asubuhi hiyo alikuwa kwa mwanamke mmoja kijana, mjamzito, aliyehamia nyumba mpya. Shimo la maji taka lilikuwa upande wa juu wa kiwanja, kisima upande wa chini. Mzee Chupa alichovya kijikaratasi cha kupimia, akangoja. Kikageuka rangi ya waridi iliyokolea.

"Naitreti hiyo," alisema. "Inatoka shimoni, inashuka na maji ya chini kwa chini. Huioni, huinusi."

"Si nitachemsha tu, mzee?"

"Thubutu! Kuchemsha kunaua vijidudu. Hii si kijidudu. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki palepale, inazidi kukolea. Ukimkorogea mtoto mchanga maziwa, damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo inageuka bluu..."

Hakumaliza. Alikumbuka jikoni kwake. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Kichanga kilikuwa na wiki tatu, na kwa kuwa maziwa ya mama hayakutoka vizuri, kilinyonya ya kopo. Na shimo la kwake nalo lilikuwa upande wa juu, maana mkewe hakutaka harufu jikoni. Alikiacha kisanduku uani kwa watu, akatoka mbio na kopo la vijikaratasi mkononi.

Alimkuta mkewe anatikisa chupa ya mtoto.

"Weka chini!"

"Kulikoni, baba watoto? Maji nimechemsha mara tatu, kama ulivyotufundisha."

Kweli aliwafundisha. Mwaka ule mtaa mzima ulipougua kuhara, alisimama hapo hapo jikoni akisisitiza: chemsheni, mkimaliza chemsheni tena. Hakurudi kuwaambia lingine, maana cheti kilikuwa ukutani.

Alichovya kijikaratasi sufuriani. Kikakolea waridi kuliko kile cha asubuhi.

"Baba," binti yake aliita kutoka chumbani, "mbona mtoto haamki kunyonya? Na midomo yake, njoo uone."

Midomo ilikuwa na rangi ya wino uliochanganywa na maji. Mzee Chupa aliogopa kumgusa.

Ndani ya teksi aliropoka yote: shimo, kisima, yule mjamzito, sufuria. Binti alilia kimya kimya, akimpulizia mwanawe usoni. Mkewe alisikiliza tu, mikono mapajani.

Daktari aliwapokea mlangoni, akasikia neno maji ya kisima, akamchukua mtoto bila kuuliza la pili. Wakasubiri kwenye benchi. Kila mlango ulipofunguliwa, Mzee Chupa alifumba macho. Baadaye sana kilio chembamba kikasikika, na muuguzi akatoka akisema dawa imeingia, rangi inarudi, binti aje kwa mwanawe.

Wazee wawili wakabaki.

"Kosa ni langu," alisema Mzee Chupa. "Wewe ulichemsha kwa mapenzi."

Mkewe alimgeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Yule mama wa asubuhi umemjua leo," alisema, "na umemwambia. Mimi nimelala na wewe miaka thelathini."