Transista za Redio ya Afande

Nusura hakuweza kukaa kitini siku ile. Kila gari la jeshi lilipokata kona ya Nakivubo, alisimama, akachungulia nje ya kibanda chake cha kutengeneza redio, kisha akarudi kwenye meza na kushika bisibisi bila kujua alitaka kufungua nini.

Redio ya Sajini Ochan, aliyoahidi kuimaliza keshokutwa, ilikuwa mbele yake, kifuniko wazi. Transista zake mbili, vile vipande vidogo vinavyokuza sauti, zilikuwa zimeungua. Mwaka wa pili huo tangu Wahindi wafukuzwe nchini, na maduka yaliyokuwa yakiagiza vipuri kutoka nje yalikuwa yamebaki rafu tupu. Watu nao walizidi kuleta redio, maana kila mtu alitaka kusikia ni nani kafutwa kazi na ni amri gani mpya imetoka. Nusura alikuwa ameshazichuna vipuri redio zote mbovu alizokuwa nazo.

Jioni aliingia Emile, mchuuzi Mkongo aliyekuwa akileta vitu vyake kutoka Nairobi. Akamkabidhi transista tatu ndogo.

"Hizi sizo," Nusura alisema.

"Zile za zamani usizingoje tena, dada. Kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Siku hizi ni hizi za silikoni tu, na hata hizo watu wa mashine za hesabu na saa mpya wananunua shehena nzima kabla hazijatoka mlangoni mwa kiwanda."

"Kwa hiyo mimi nifunge?"

"Sijasema hivyo. Zitakuja nyingi, viwanda vinaongezwa. Lakini lini zitafika kwetu, hapo sikudanganyi."

Maneno hayo yalimkosesha raha. Mkono wake ulikuwa umezoea zile za zamani tangu alipokuwa msichana akimsaidia baba yake. Alifunga mbili mpya. Redio ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Akaongeza umeme kwa pupa, moja ikapata moto, ikafa. Zikabaki mbili. Akatoka nje, akazunguka kibanda, akarudi, akabadilisha vile vipande vya kupunguza umeme kimoja kimoja, safari hii polepole, huku jasho likimtiririka. Sauti ikatoka, safi.

Ochan alifika asubuhi, siku moja kabla ya ahadi. Alisikiliza, akatabasamu, kisha akasema, "Kambini kuna nyingine sita. Nitazileta kesho."

Kumkatalia askari si mchezo.

"Afande, ukizileta zitakaa tu hapa. Sina hata transista moja."

"Zinapatikana wapi?"

"Nairobi. Na huko nako zinagombaniwa."

Nusura aliinamia meza, akingoja kufokewa.

"Basi nenda," Ochan alisema, kwa sauti ya chini. "Mpakani Malaba ulizia Olweny, ndugu yangu. Mwambie mimi nimekutuma. Lakini rudi, dada. Wengi wanaopita pale hawarudi, na mimi ndiye nitakayeulizwa kwa nini nilikuvusha."

Kesho yake Nusura alipanda basi. Kila lilipopunguza mwendo kwenye kizuizi cha askari, alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Olweny, aliposikia jina la Ochan, alimvusha. Upande wa pili wa mpaka aliketi kituoni, magari ya kwenda Nairobi yakiita abiria, na bado hakujua kama angezikuta transista, wala kama angerudi.