Mama Mizani na nyota mbili zilizogoma kutulia

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Mizani anajaza glasi maji mpaka ukingoni. Anavuka nayo maabara ya shule ya wasichana kwa hatua fupifupi, anaiweka juu ya meza yenye mashine, kisha anabonyeza swichi.

Mashine inaanza kuzunguka. Ni nondo ndefu yenye tufe la chuma kila ncha, moja kubwa kama nazi, jingine dogo kama chungwa. Mama Mizani anainama mpaka macho yake yawe sawa na mdomo wa glasi. Maji yametulia tuli.

“Haya, waite wanangu,” anamwambia mwalimu wa fizikia, huku akifuta mikono kwenye aproni.

Hii ni wiki yake ya kumi na moja katika ajira mpya ya kutunza vifaa vya maabara. Ukimwona anavyotembea humu ndani, utadhani kazaliwa humu. Ukweli ni kwamba nusura asifike.

Jina la Mama Mizani alipewa na madereva. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akibalansi magurudumu kwenye gereji iliyo ng'ambo ya barabara. Alilifunga gurudumu kwenye beringi laini na kuliacha lijizungushe lenyewe, upande mzito ukashuka chini. Hapo alibandika kipande cha risasi, yale madini mazito, upande wa pili, akarudia mpaka gurudumu likasimama popote alipoliachia. Siku ya shughuli nyingi alimaliza magurudumu ishirini, na usukani wa mteja haukutetemeka tena.

Mwaka jana mwenye gereji akaleta mashine ya kompyuta.

“Aliniambia kwa upole tu, dada, mwisho wa mwezi ujao tuagane,” anakumbuka. “Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumalizia gari la watu.”

Nyumbani ana mume, fundi cherehani ambaye macho yameanza kumtupa mkono. Siku hizi uzi akiutunga mara tatu, mara mbili unapita pembeni. Mshahara wa gereji ndio uliokuwa unawaweka mjini. Mama Mizani anasema kwa wiki nyingi walikuwa wakilala kila mmoja akijifanya kasinzia ili mwenzake asiwe na wasiwasi.

Mwalimu wa fizikia alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alikuwa ametengenezewa mashine ya kuwaonyesha wanafunzi nyota mbili zinazozungukana, nayo ikamtia aibu. Mchomeleaji aliyeiunda aliupitisha mhimili katikati ya tufe kubwa, kwa kuwa kila mtu aliamini kubwa hukaa na dogo ndilo huzunguka. Ilipowashwa ikatembea yenyewe mezani, ikaanguka na kuvunja vigae viwili.

Ijumaa ya wiki ile bodi ya shule ilikuwa inakuja kukagua maabara. Shule pia ilikuwa inatafuta mtu wa kutunza vifaa, na mwalimu akamtaja Mama Mizani kwa mkuu wa shule. Mkuu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alijibu kwamba aanze kwa kuituliza ile mashine, na bodi ishuhudie.

Basi Mama Mizani akafanya anachokijua. Alimwomba mchomeleaji amuunganishie bonge la chuma upande wa pili wa tufe kubwa, mkabala na lile dogo. Mashine ikatulia. Akaenda kumwita mwalimu huku akitabasamu mpaka jino la mwisho.

Mwalimu aliitazama, akajikuna kichwa.

“Imetulia kweli, mama. Lakini huko juu, hilo bonge kalibandika nani?”

Mama Mizani anacheka akisimulia. “Nikaona kweli, nimetibu gari. Nyota bado inaumwa.”

Ndipo mwalimu akamweleza kwamba hakuna nyota nzito kiasi cha kukaa tuli nyingine ikizunguka. Ndogo inavutwa, na kubwa nayo inavutwa. Zote mbili huzunguka nukta moja iliyo kati yao, kitovu cha uzito wao wa pamoja, na nukta hiyo huwa karibu zaidi na ile nzito. Ukienda kuitafuta mahali pale, mara nyingine hukuti kitu, ni uwazi mtupu.

Bonge likakatwa. Tufe kubwa lina kilo tisa, dogo kilo tatu, na kutoka kitovu cha moja hadi cha jingine ni sentimita mia na ishirini. Mwalimu akapiga hesabu: mhimili upite sentimita thelathini kutoka kitovu cha tufe kubwa.

Mama Mizani hakupiga hesabu. Aliiinua nondo kwa msaada wa mwalimu, akaiegemeza juu ya kidole kilichofungwa kitambaa, akaisogeza taratibu mpaka ikalala sawa. Akaweka alama ya chaki. Ilikuwa thelathini na mbili na ushee.

“Nilimwambia, mwalimu, mimi sibishani na kitabu, ila chuma kinaniambia hapa.”

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Kwa heshima ya elimu, walitoboa penye thelathini. Wakawasha. Glasi ikamwaga nusu ya maji mezani.

Mwalimu akavuta kiti, akaikodolea macho karatasi yake kwa muda mrefu, kisha akaanza kujicheka mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba nondo nayo ina uzito wake, kilo moja nzima. Alipoiingiza kwenye hesabu, jibu likaja na kuketi juu ya chaki. Wakatoboa upya hapo penye alama, na safari hii maji yakatulia. Tundu la kwanza lipo hadi leo, na mwalimu hulionyesha kila darasa bila haya.

Ijumaa bodi ilikuja, watu wanane. Mwenyekiti hakuridhika na glasi, akaweka kiganja chake mezani na kukiacha pale dakika nzima. Baadaye mkuu wa shule alimfuata Mama Mizani kwenye korido, akamwambia aripoti Jumatatu saa moja na nusu. Naye akakaa palepale kwenye ngazi.

Mume wake aliposikia aliweka mkasi chini. “Alisema, basi mke wangu, leo tulale. Na tulilala kweli. Jua lilitukuta kitandani.”

Zamani mzee huyo alipenda kujiita jua la nyumba, mke na watoto wakimzunguka. Siku hizi hasemi hivyo tena. Ameshaambiwa kwamba hata jua lenyewe huyumba kidogo, kwa kuwa sayari nazo hulivuta.

Mfukoni mwa aproni, Mama Mizani bado ana vipande vitatu vya risasi kutoka gereji. Havina kazi humu, lakini hajavitoa.

Mwakani anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne, alioukimbia akiwa msichana kwa kuogopa hisabati. Kila Jumanne baada ya vipindi mwalimu humfundisha, naye humkumbusha mwalimu asisahau nondo.

“Nilidhani hesabu ni za watu wengine,” anasema, akiitazama mashine inavyozunguka. “Kumbe miaka kumi na saba yote nilikuwa nazifanya kwa kidole.”