Mashavu ya Ordgar

Mume wangu Ordgar ni mchimba mitaro, na kichwa chake hakiweki kitu. Ukimtuma jibini atarudi na chumvi, ukimtuma chumvi hatarudi mpaka umfuate. Nasema haya bila kinyongo, maana nimekaa naye karibu miaka ishirini na mmoja na kinyongo kimekwisha zamani. Ila nataka mjue mapema kwamba mtu huyu ndiye aliyekuwa daftari la ukoo mzima wa akina Brisecourt.

Si kwa hiari yake. Mabwana hawa wa Kinormani walivuka bahari wakaja kututawala, na panga nyingi na wino kidogo. Wakitaka jambo likumbukwe, humwita mtu wa kawaida, wakamwonyesha jambo lenyewe, halafu wakamzaba kofi la nguvu. Mpigaji husahau, mpigwa hasahau. Huo ndio uandishi wao. Na kwa kuwa Ordgar kila mara alikuwa karibu, ndani ya mtaro fulani, na mashavu yake ni mapana kama mikate ya shayiri, basi wakamzoea yeye.

Bwana Turstin, mzee wa ukoo, alipowapa watawa kinu chake cha kusagia nafaka, Ordgar alizabwa shavu la kulia. Mwanawe Robert alipogawana msitu na mdogo wake Drogo, shavu la kulia tena, mara mbili, maana ndugu walikuwa wawili na kila mmoja alitaka kofi lake. Robert alipombatizisha mwanawe Warin, siku ileile aliyozaliwa, shavu la kushoto. Historia ni ya watu wakubwa, lakini jino lililolegea ni la mume wangu.

Sasa, Robert alikufa Warin akiwa bado mdogo, na Drogo akashika mali yote mpaka kijana atimize miaka ishirini na mmoja. Alishika kwelikweli. Alikata mialoni akauza, akala samaki wa bwawa mpaka wakabaki vyura. Wakati wa mavuno akapita na kamba akipima kiwanja chetu, nyumba na bustani ya vitunguu, akasema ikifika Pasaka patakuwa pa kuwindia kulungu.

"Na sisi twende wapi, bwana?" nikamuuliza.

"Kulungu hawaniulizagi maswali hayo," akasema, akakunja kamba yake akaenda zake.

Tumaini letu lilikuwa Warin, kijana asiye na makuu, aliyekwisha kutuahidi kwamba akipewa mali yake hatutahama. Alikuwa anatimiza miaka yake siku ya Mtakatifu Lusia, katikati ya Desemba. Drogo akasema bado, kijana anajiongezea mwaka, ana ishirini tu. Basi likaitwa baraza la hakimu wa mfalme, siku tatu kabla ya Krismasi, na wanaume kumi na wawili wa kijiji wakaambiwa waje waape wanaujuaje umri wake.

Mimi nilikuwepo kanisani siku ya ubatizo ule. Nakumbuka nguo aliyovikwa mtoto, nakumbuka hata paka aliyepita chini ya madhabahu. Lakini katika jambo hili mwanamke haapishwi, hata Bibi Hawisa mwenyewe aliyemzaa. Padri alikwisha kufa. Mzigo wote ukamwangukia Ordgar.

Nikamfundisha. Kila nikipakua uji wa mbaazi, namkalia mbele.

"Siku gani?"

"Ya Mtakatifu Lusia."

"Walikuitia nini kanisani?"

"Edeva, uji unapoa."

"Jibu kwanza, utakula baadaye."

"Kuvunja barafu kwenye birika la ubatizo. Haya, nipe kijiko."

Nyumbani alijua yote, tena mdomo umejaa. Nikajidanganya kwamba tumepona.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa. Wa kwanza kuapa alikuwa Sewal mhunzi. "Kijana ana ishirini na mmoja, bwana hakimu. Najua kwa sababu Ordgar aliniambia." Wa pili akasema anajua kwa sababu Sewal aliambiwa na Ordgar. Wa tatu alikuwa kiziwi kidogo, lakini naye alimtaja Ordgar. Walipofika kumi na mmoja Drogo alikuwa anatabasamu waziwazi, na mimi nilikuwa nimeutafuna ukingo wa kilemba changu.

Ordgar akasimama. Akautazama ukumbi. Nikaona macho yake yanakuwa meupe, nikajua kila kitu kimeruka.

"Unakumbuka nini?" hakimu akauliza.

"Nilipigwa kofi."

"Kwa sababu gani?"

"Mabwana hawa wanapiga tu, bwana hakimu."

Watu wakacheka. Hakimu akauliza kwa upole ni shavu gani. Ordgar akaanza kuyapapasa mashavu yake. "La kulia ni kinu cha watawa. Na msitu. La kushoto..." Akashika la kushoto, akalifinya, akalivuta. "La kushoto ni la kitu fulani."

"Labda ni la ubatizo wa ndama," Drogo akasema. "Tusipoteze siku, hakimu. Mtu huyu hajui hata alichokula leo."

Na kweli hakujua. Mimi nikaiona nyumba yangu, nikawaona kulungu wanakula vitunguu vyangu, na hasira ikanipanda. Katika ndoa yetu sikuwahi kumwinulia mume wangu mkono. Nikaruka kamba waliyoizungushia baraza, karani akanyoosha fimbo kunizuia, nikapita chini yake, nikamzaba Ordgar kofi la shavu la kushoto lililosikika mpaka zizini.

"Mtoeni huyu," karani akasema.

"Mtakatifu Lusia," Ordgar akasema.

Hakimu akainua mkono.

"Maji ya ubatizo yaliganda. Padri aliniita kutoka mtaroni nije na sululu yangu. Nikavunja barafu, wakamchovya mtoto, akapiga kelele, wakamwita Warin. Bwana Robert akasema, wewe mwenye sululu, ukumbuke, akanizaba." Akaninyooshea kidole. "Na Edeva, binti wa mfinyanzi, alicheka mpaka akashika nguzo. Nikasema moyoni, huyu nitamwoa. Tukaoana kabla ya Kwaresima. Mto ulikuwa umeganda, tukauvuka kwa miguu kwenda harusini, na mpiga zumari akateleza."

Miaka yote ile nimekuwa nikimuuliza kwa nini alinioa, naye hujibu hakumbuki. Nilisimama pale na kiganja kinaniwaka, nikalia mbele ya watu.

"Mto uliganda mwaka gani?" hakimu akauliza.

Hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa na Ordgar. Mto wetu umeganda mara moja tu, na ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja kwamba ilikuwa miaka ishirini na mmoja iliyopita. Drogo akaomba maji ya kunywa.

Jioni, hakimu alipokwisha kumkabidhi Warin mali yake na kuondoka, kijana alikuja mlangoni kwetu na mama yake. Akasema kiwanja ni chetu, sisi na watoto wetu. "Ila nani atakumbuka?" akauliza, na wote wakamgeukia Ordgar, ambaye alikuwa ameshavua kofia yake.

"Hapana," nikasema. "Kofi hili ni langu."

"Mama Edeva, mwanamke haapishwi," Warin akasema.

Bibi Hawisa akamsogeza pembeni, akakunja mkono wa gauni. "Hakimu ameshakwenda, mwanangu. Hapa tuko kwetu. Na mimi nilikuzaa nikaambiwa sijui ulizaliwa lini."

Akanizaba. Ilikuwa siku tatu kabla ya Krismasi, theluji nyepesi, upepo wa magharibi, na Bibi Hawisa ana pete mbili mkono wa kulia. Niulizeni siku yoyote.

Na Ordgar alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.