Mursik Kwenye Chombo cha Vyura

Hii nawaambia nyinyi tu, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu hata leo nikipita karibu na ile nyumba ya bati jekundu katikati ya majani chai, kule Kericho, mimi hugeuza uso nikatazama ng'ambo.

Miaka ya tisini mzungu mmoja mjane, tuliyemwita Mama Gerda, aligeuza nyumba yake kuwa makumbusho ya sanaa za Ulaya za miaka ya elfu moja mia tisa hivi: taa zenye umbo la maua, viti vilivyopindapinda, picha za wanawake wenye nywele ndefu wasio na kazi yoyote ya kufanya. Mimi nilikuwa mfagiaji, lakini alinifundisha kuwaeleza wageni, akaniahidi kwamba siku kamati ya makumbusho itakapotoka Nairobi kutukagua, nikieleza vizuri, nitavaa tai na kazi ya kuongoza wageni iwe yangu kabisa (nami nilikuwa nimeshamwambia baba ya mchumba wangu kwamba tayari ni yangu).

Asubuhi ya siku hiyo mama yangu akatokea kutoka Ndanai na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulala, yaliyoganda na kutiwa mkaa, ili wageni wapokelewe vile inafaa. Kumbe kibuyu kilipata ufa njiani, kinachuruzika kwenye sakafu niliyoisugua tangu alfajiri.

"Mama, wacha nimwage nje," nikasema.

"Kumwaga maziwa?" Akaniangalia kama mtu aliyetaka kuchoma kanisa. "Wewe ulizaliwa na nani? Tafuta chombo."

Vyombo vilikuwa arobaini, vyote vya maonyesho. Nikachagua kimoja cha udongo, cha kijani, chenye vyura ubavuni, ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiulizia. Nikamimina. Dakika tano tu, nikajiambia.

Wageni wakaingia. Nilieleza, jamani, nilieleza mpaka Mama Gerda akatabasamu, halafu mzee mmoja wa kamati, mwenye suti ya rangi ya krimu, akapita taa zote, akapita picha zote, akasimama mbele ya vyura.

"Na hii ilitengenezwa na nani?"

Jina la fundi huandikwa chini ya kitako, na ni mimi mwenyewe niliyewaambia hivyo nusu saa kabla. Nikasema hiki hakigeuzwi, udongo wake ni mgonjwa (mgonjwa, ndiyo, nilisema hivyo).

"Hapana, Kiprono," Mama Gerda akasema, "hii iko na nguvu kuliko zote. Geuza."

Sikugeuza. Akageuza mzee.

Ilianza na koti, ikaja suruali, ikaja viatu, taratibu, kwa sababu mursik ya mama ni nzito. Mama yangu akasema kutoka mlangoni, "Kama ako na kiu, si angeomba kikombe?"

Nilitamani sakafu inimeze. Kazi alipewa jirani yangu, mtu asiyejua tofauti ya taa na sufuria, ila mama yake hafugi ng'ombe. Baba ya mchumba wangu alipata habari kabla sijafika nyumbani, na harusi ikangoja mwaka mzima. Tangu hapo nimeapa: maziwa yakivuja mbele yangu nitayanywa mwenyewe, papo hapo, yote, hata kama tumbo limekataa.