Alhamisi Iliyoandikwa Jumapili

Saa kumi na mbili asubuhi. Mlinzi wa ghala la saruji anapokea funguo kwa mwenzake wa usiku, anatikisa kufuli la lango mara mbili, kisha anafungua kitabu cha matukio. Anaandika saa, anamalizia kwa maneno aliyoyaandika kwa miaka kumi na tisa: hali shwari.

Wenzake humwita Shwari. Zamani alicheka wakimwita hivyo. Siku hizi anaitika tu.

Chini ya kitabu cha kazi lipo daftari jingine, la shule, lililofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Nilipomuuliza, alikataa mara tatu kulizungumzia.

"Nitakwambia, lakini usinitazame sana," anasema, macho kwenye kifuniko cha kalamu.

Mwaka jana mama yake alianza kusahau. Dada yake mkubwa, fundi cherehani aliyeishi na mama mji mwingine, alimwomba ampigie mama simu kila siku saa saba, muda ambao yeye huwa kibandani anashona, na aandike alichosema ili maneno yake yasipotee.

"Aliniambia, 'Mdogo wangu, kuandika kila siku ndiyo kazi yako. Hii haitakushinda.'"

Haikumshinda, kwa miezi miwili. Kurasa hizo zina uhai. "Mama kauliza kama koti langu bado lina tundu. Nimesema nimeshona. Nimemdanganya." Siku nyingine mama alimwimbia wimbo mzima wa kubembeleza mtoto, yeye mtu mzima wa miaka hamsini na moja, huku malori yakipiga honi nje.

Halafu tabia ya lindo ikaingia. Walinzi wengi, anakiri, hujaza kitabu kabla ya saa kufika.

"Bosi anataka kila saa iwe na mstari wake. Basi unajaza saa nne mpaka saa tisa kwa mkupuo, unapumzika. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Jumapili moja alichoka, akamjazia mama wiki nzima iliyokuwa mbele, Jumatatu hadi Jumapili. Simu hakupiga. Wiki iliyofuata akarudia, na ya tatu pia.

Jumatano ya wiki hiyo ya tatu, alfajiri, mama alifariki. Mlinzi alipanda basi na daftari mkobani, kama dada alivyoagiza. Yaliyomo hata hakuyakumbuka. Alhamisi jioni, baada ya mazishi, ndugu wakiwa sebuleni, dada alifungua ukurasa wa mwisho awasomee maneno ya mwisho ya mama.

"Alhamisi," alisoma kwa sauti. "Nimeongea na mama. Kacheka sana. Hali shwari."

Shangazi ndiye aliyeuliza, "Alhamisi si ndiyo leo?"

"Nilitamani ardhi inimeze," anasema mlinzi. "Ijumaa nayo ilikuwepo. Jumamosi na Jumapili pia."

Dada hakugomba. Alilifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mgeni kitu chake. Ni miezi saba sasa, na kati yao zimebaki salamu tu.

Mlinzi huyu ameacha kujaza kitabu mapema. Kila saa anasimama, anazunguka ghala, ndipo aandike, na wenzake wanamcheka. Saa saba anafungua daftari jipya na kuandika jambo moja lililokwisha kutokea, hata la kumuumbua. La juzi linasema: "Nimemweka dereva juani nusu saa kwa hasira zangu tu."

Mwanzoni mwa daftari hilo ameacha kurasa kumi na sita tupu, moja kwa kila siku ambayo mama alikuwa hai naye hakupiga. Anataka dada amwambie mama alisema nini siku hizo, ayaandike. Wiki iliyopita alijikaza akamtumia ujumbe kumwomba.

Jibu linaingia tukiwa langoni. Analisoma mara mbili, kisha ananipa simu.

"Jirani anasema mama alikuwa akiishika simu kila saa saba. Njoo Jumapili nikusimulie. Usiandike kitu kabla hujafika."

Anajifuta uso kwa kofia ya kazi. Saa saba ikifika anaandika maneno mawili: "Dada kajibu."

Namuuliza mbona haongezi kwamba amesamehewa.

"Hilo bado sijaliona," anasema, na kufunga daftari.