Mwalimu Tuliyemnyima Kiti

Serikali ilipotangaza kwamba watu wakae nyumbani kwa sababu ya korona, mimi nilikuwa nimetangulia miaka mingi. Wengine walinung'unika, wengine walitafuta vichochoro. Mimi niliketi barazani nyuma ya cherehani yangu, nikajiona hatimaye nimekuwa raia mwema bila kutoka jasho. Mama yangu, ambaye ndiye mwenye boma hili nilikorudi baada ya ndoa kunishinda, husema nikienda dukani Karurumo inabidi aombe kwanza, kama mtu anayeaga mwana aendaye ng'ambo. Na duka lenyewe liko hapo juu ya kilima tu. Ukipiga chafya kwetu, mwenye duka anakuambia pole.

Lakini binti yangu hakuzaliwa na kipaji changu cha kukaa. Alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani, na shule ilifungwa akiwa ameanza tu kuelewana na hesabu. Tukaambiwa masomo yatakuja kwa redio na kwa simu. Simu yetu ilikuwa na ufa katikati ya kioo, kwa hivyo kila swali lilikuja nusu. Redio ilikuwa nzima, ila redio haina subira. Inasema, "Je, umeelewa? Vizuri sana!" kabla hujafungua mdomo. Binti yangu alikuwa akiijibu kwa hasira: "Sijaelewa!" Redio inaendelea mbele.

Nikajaribu kumfundisha mwenyewe. Mimi nina kidato cha nne, na cheti kiko, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni kisiingie unyevu. Naweza kukata kitambaa cha sketi nusu duara bila kukosea. Lakini nilipofungua kitabu nikakuta herufi zinaongezwa na kutolewa kama nambari, nilimwambia, "Hii ya kwetu ilikuwa tofauti," nikarudi kwa cherehani. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanamke wa vyeti! Hebu shona barakoa, hizo hazina x."

Ndipo dada yangu alipoanza kupiga simu. Dada ni mkubwa wangu, ameolewa Muthara, kule Tigania, na ana hoteli yake sokoni, hoteli ya chai na maharagwe. Msaidizi wake alikuwa amerudi kwao. "Nitumie huyo msichana," alisema. "Anakaa tu hapo anazoea uvivu wako. Shule zikifunguliwa atarudi."

Dada si mtu mbaya. Angemlisha, angemvisha, angemshika kama mwanawe. Lakini nimeona wasichana wa kilima chetu walioenda kusaidia kwa muda kwenye hoteli za watu. Muda huo bado haujaisha. Binti akishaonja kushika pesa zake, halafu aambiwe arudi aketi kwenye dawati na kuvaa sare, atakuangalia kama mtu anayeongea lugha ya ndege. Nilijua: akienda Muthara, harudi darasani. Na dada alisema kweli, msichana alikuwa amekaa tu. Dada akasema kuna lori la shemeji ambalo huchukua ndizi Mitunguu. Likija upande wetu, atapanda aje amchukue mwenyewe.

Siku zile zile ndipo mwalimu wake wa hesabu alipoanza kutembea.

Alikuwa mwanamke kijana, anapanga chumba nyuma ya maduka ya Karurumo. Alishuka kilima na begi begani, barakoa usoni, akiingia boma baada ya boma kila palipokuwa na mtoto wa darasa la nane. Mtoto mmoja, boma moja, nje, na nafasi kati yao. Kwetu alitafuta ubao akakosa, akaangalia mlango wa ghala la mahindi, akauliza, "Mama, naweza?" Akauandika mlango mzima kwa chaki. Binti yangu aliukaribia ule mlango kama mtu aliyeletewa maji.

Shida ilikuwa moja. Boma letu ni la mwisho, kule chini karibu na mto. Mwalimu alifika kwetu jua limeshaegemea, amechoka na ameshiba hadi anahema. Na lazima apande kilima arudi kabla ya kafyu. Alifundisha swali moja, la pili likabaki mlangoni bila jibu, akaondoka. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo.

Nikamwuliza, "Madamu, mbona kwetu unafika umechelewa hivi?"

Akashusha pumzi. "Mama, nimelishwa."

"Wapi?"

"Kila mahali."

Hapo nikaelewa, kwa sababu hata sisi hatukuwa na mikono misafi. Watu wetu hawajui kumwona mtu langoni na kumwacha hivi hivi. Mgeni huletewa kiti. Kiti hupanguswa hata kama ni kisafi. Kisha maombi, na mwenye kuomba huwa hana haraka. Kisha chai, na chai si chakula, chai ni ya kungojea chakula. Kisha chakula chenyewe, na mgeni akiacha kidogo kwenye sahani huulizwa kama kimeungua. Kisha habari za kwao. Na akisimama kuondoka, husindikizwa, na hamrudi mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Sasa rudini." Mwalimu yule alifanyiwa yote hayo katika kila boma, kilima kizima. Na akifika kwetu, amebakiwa na dakika chache, mama yangu anatokea jikoni na sufuria: "Mwalimu, hata nduma kidogo?"

Tulikuwa tunamshukuru. Shukrani zetu ndizo zilizokuwa zinakula wakati wa binti yangu.

Basi nikafanya jambo ambalo mama hulisimulia mpaka leo. Nilivaa viatu. Nikasema napanda kilima, niwaombe majirani waache kumlisha mwalimu. Mama akasimama katikati ya boma akanitazama. "Utapajua? Nikupe mtu akuonyeshe njia?"

Boma la kwanza nililoingia ni la mama mmoja mzee kiasi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilimweleza shida yangu kwa upole, kwa Kiembu kizuri cha kuombea. Alinisikiliza huku anamenya viazi.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nikuulize. Huyo mwalimu analipwa na nani?"

"Na serikali."

"Serikali gani? Wewe kweli hutoki. Huyo ni wa kuajiriwa na wazazi. Watoto wako nyumbani, hakuna anayelipa karo. Tangu shule zifungwe hajapata kitu."

Nikaangalia viatu vyangu.

"Tulimpelekea unga, akaurudisha. Akasema kuna wenye shida kuliko yeye. Huyo ana heshima yake, hachukui msaada. Lakini mgeni akiandaliwa, atakataa? Hawezi. Kwa hivyo tunamwandalia." Akatupa kiazi kwenye maji. "Unataka tumnyime?"

Niliteremka kilima polepole. Kwa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikisema asilishwe, alale njaa. Nikisema alishwe, binti yangu anaenda Muthara. Na yeye mwalimu anapita katikati yetu na chaki yake, akijifanya haoni kwa nini kila boma limepika siku hiyo hiyo.

Nikamweleza mama jikoni. Hakucheka. Aliuchochea moto, akasukuma kuni ndani. Halafu kichwani mwangu ikaja methali niliyokuwa nikiipachika kwenye kila insha shuleni, iwe inahusu ajali ya barabarani au faida za maziwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Mama," nikasema, "mtu akija kukulimia, unamletea kiti?"

"Kiti cha nini shambani?"

"Unamwombea dua ndefu? Unampa chai kwanza?"

"Anapelekewa chakula pale pale alipo. Anakula amesimama, anarudi kwa jembe." Kisha akaniangalia. "Na akimaliza anajiendea zake. Hasindikizwi."

"Na huo ni msaada?"

"Msaada wapi? Ni chakula cha mtu wa kazi. Nani amewahi kukikataa?"

Ilinibidi nivae viatu tena siku iliyofuata. Mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe umesoma," akanisaidia kuwaambia wengine. Haikuwa rahisi. Kuna boma moja lililoona ni matusi, mwalimu wa watoto kula wima kama mpasua kuni. Lakini wakakubali. Wiki ile mwalimu alipoingia, hakuna kiti kilichotoka. Nduma ilikuwa kwenye sahani juu ya kigogo kando ya mlango wa ghala, na kikombe cha uji wa wimbi kimefunikwa. Alitazama kigogo, akamtazama mama.

"Leo sina kiti?"

"Kiti ni cha wageni," mama akasema. "Wewe fanya kazi."

Sijui aliona nini. Alisimama kidogo, barakoa imeshushwa kidevuni, macho yamelowa. Kisha akachukua nduma kwa mkono wa kushoto na chaki kwa wa kulia. Tangu siku hiyo alifika kwetu jua lingali juu.

Lori lilikuja mchana mmoja, ndizi mbichi zimejaa mpaka juu, dada akiwa mbele kando ya dereva. Alishuka na kitenge kipya na sauti yake ya sokoni. "Wako wapi wenyewe? Msichana amefunga nguo?"

Binti yangu alikuwa mlangoni pa ghala, mgongo kwetu, chaki mkononi. Mwalimu alikuwa kando yake, anatafuna. Kwa desturi zetu msichana angekuwa ameshakimbia kumpokea mama yake mkubwa na kuteleka chai. Hakugeuka.

"We! Hunioni?" dada akamwambia. "Tunaenda, lori linangoja."

"Mama mkubwa, ngoja nimalize hii," binti akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika mkasi na sijui nilikuwa nakata nini. Mama akatoa kiti, akakipangusa, akakiweka nyuma ya dada. "Kaa. Wewe ndiwe mgeni hapa. Aliye shambani haitwi kuja kupika chai."

Chai nikaipika mimi. Ilikuwa mbaya, kama kawaida. Dada aliinywa akiangalia ule mlango: mistari inaandikwa, inafutwa kwa kiganja, inaandikwa tena. Dereva akapiga honi. Binti alikosea, akafuta, akarudia. Dereva akapiga tena. Hatimaye binti akapiga mstari chini ya jibu, na mwalimu akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo hiyo.

"Na huyu mtamaliza naye lini?" dada akamwuliza mwalimu.

"Tukimaliza, mama. Bado kuna mlango wa choo."

Dada alicheka bila kupenda. Akasimama, akajipangusa kitenge. "Nipeni basi hizo nduma, nisirudi mikono mitupu." Tulimsindikiza mpaka kwenye lori. Aliketi mbele, kapu la nduma magotini, na lori likaondoka.

Binti yangu alifanya mtihani. Hakuwa wa kwanza, na hakuna gazeti lililomtafuta. Alipata nafasi shule ya kutwa, akawa anaamka akienda, jambo ambalo katika ukoo wangu ni la kusifiwa.

Lakini shule zilipofunguliwa, mwalimu hakuwepo. Wazazi walikuwa wamechoka, karo haikuja, na kamati ilisema itaajiri mambo yakitengemaa. Chumba chake nyuma ya maduka kilikuwa na mpangaji mwingine. Tulisikia yuko Embu mjini, anauza mitumba. Kwenye mkutano wa wazazi tulishukuriwa sisi, kwa ushirikiano wetu katika kipindi kigumu. Tukajipigia makofi.

Hakuna aliyejua siku aliyoondoka. Jambo hilo halikuacha kunisumbua nikishona. Tulikuwa tumemtoa kwenye wageni tukamfanya mtu wa kazi, na mtu wa kazi akimaliza anajiendea zake.

Binti alipomaliza kidato cha nne, nilivaa viatu. Safari hii mama hakutania. Aliamka akaponda mukimo wa viazi na mahindi, akachinja jogoo, akafunga kila kitu kwa kitambaa. Tukaenda Embu, mimi na binti, nikiulizauliza njia kama mtoto.

Tulimkuta sokoni, nyuma ya mlima wa sweta. Alimtambua binti kwanza, akaweka mikono kichwani. Kisha akainuka haraka anipishe kigoda chake, kigoda kimoja tu alichokuwa nacho.

"Hapana, Madamu," nikasema. "Kaa wewe."

Nilikipangusa, ingawa kilikuwa kisafi. Akaketi. Binti akaomba, na sikujua huyu mtoto anaweza kuomba kwa urefu hivyo. Chai ilitangulia, ya chupa tuliyobeba. Chakula kikafuata. Mteja alikuja akashika sweta akauliza bei, na mwalimu akamwambia, mdomo umejaa, "Ngoja kidogo, nina watu." Akala polepole. Alipobakisha kipande, nikamwuliza kama kimeungua, akacheka, akakimaliza.

Jioni alifunga bidhaa zake kwenye gunia. Binti akalibeba. Tukamsindikiza kupita soko, kupita kituo cha magari yetu ya kurudi, tukaendelea na ile barabara ya vumbi inayoshuka kwake. Niliona giza linakuja na nyumbani kuko mbali, mimi ambaye duka la jirani hunitoa jasho. Lakini mgeni ndiye husema, sasa rudini. Tukatembea. Naye hakusema.